Kona ya Kokushubila

Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza katika kibanja cha Kokushubila, nusu saa kwa mguu kutoka sokoni Nshamba, huuliza swali lilelile: ni ndugu gani hawa waliogombana? Kwa maana Uhaya mzima unajua kazi ya mlamula. Ni mti mwembamba wa majani marefu, hupandwa mpakani, na ukishasimama pale hata wajukuu wa wajukuu hawabishani nani anaishia wapi. Sasa hapa milamula imesimama katikati ya kibanja, mistari miwili iliyokaribiana mno, imeanzia mlangoni mwa nyumba, imepenya kwenye migomba na mibuni, ikafika kwenye shina moja kubwa la migomba, ikapinda kulizunguka, ikaendelea kuteremka mpaka chemchemini. Mtu mzima hupita humo bega moja mbele kama anayeingia kwenye ghala lililojaa magunia.

Kokushubila huwaacha wageni wakisie. Akichoka kuwasikiliza huwaambia, akitumia neno la heshima la Kihaya, "Hapa hakuna ugomvi, waitu. Huo ulikuwa mkongojo wangu."

Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo miaka sitini na kidogo iliyopita, mtoto mwenye macho makubwa na magoti yasiyo na nia. Mwaka wa kwanza hakusimama. Wa pili hakusimama. Baba yake alikufa yeye akiwa bado tumboni, mama yake akaolewa tena huko Kagondo, Bukoba mjini, na mtoto akabaki kwa bibi mzaa baba, Bibi Dativa, ambaye yeye alimwita Mukaka. Masista wa zahanati walimpima, wakasema mifupa haina kasoro, misuli ndiyo dhaifu. Apewe muda na mazoezi. Majirani nao wakatoa vipimo vyao. Huyu akasema amerogwa, yule akasema ndivyo wanavyokuwa watoto wa wajane. Bibi Dativa alikuwa mtu wa majibu mafupi.

"Muda ninao," alisema. "Mazoezi nitayatafuta."

Akaenda mpakani, akakata fimbo za milamula, akazipanda moja baada ya nyingine kuanzia mlangoni, kulia na kushoto, kila moja umbali wa mkono wa mtoto kutoka kwa mwenzake. Fimbo ya mlamula ni kaidi: ichomeke ardhini ikiwa imekauka unavyoiona, baada ya wiki chache inakuonyesha jani. Mwisho wa mistari ile palikuwa na shina la migomba ambalo kitovu cha Kokushubila kilizikwa chini yake. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Kila mtoto alikuwa na shina lake, na mkungu wa shina hilo haukuuzwa wala kutolewa nje. Uliliwa na watu wa nyumbani. Basi kila asubuhi Bibi Dativa alipachika ndizi moja mbivu kwenye shina la mjukuu wake, akamkalisha mtoto mlangoni, akaenda zake kupalilia. Ukiitaka, ifuate.

Ukatili? Wapo waliosema hivyo, na Bibi Dativa aliwajibu kwa kuwageuzia mgongo. Mtoto alilia, akalala mavumbini, akaamka, akashika mlamula wa kwanza. Ilimchukua miezi kufika wa kumi. Akiwa na miaka mitatu na miezi minane alifika kwenye ndizi akiwa wima, akaila, kisha akagundua kwamba hajui kugeuka. Kwa hiyo akalikumbatia shina na kulizunguka, mguu wa kushoto ukikokota upande, mpaka akajikuta anaitazama nyumba. Siku ya pili akazunguka vilevile, na ya tatu. Mvua za masika zilipofika pale palikuwa pameshachorwa kona, na bibi akachomeka milamula mingine kuifuata hiyo kona kama mtoto alivyoichora.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Bibi Dativa hakumkunja mtu. Alikunja njia, na mtoto akanyooka mwenyewe. Nyayo zile zimebaki mwilini mwa Kokushubila mpaka leo. Mguu wa kushoto bado hutua kwa ubavu, mabega hutangulia moja moja hata akiwa barabarani ambako nafasi ni tele, na hutembea haraka kuliko wenye miguu mizima, maana alijifunza kutembea akielekea kwenye chakula.

Kazi iliyofuata ilikuwa nyasi. Asiyezaliwa Muleba hudhani kibanja ni zawadi ya Mungu. Hebu chimba hatua kumi nje ya migomba, kule kwenye rweya, mbuga ya nyasi iliyo wazi kwa upepo: utakuta udongo mwekundu wenye kokoto ambao hata muhogo huota kwa kununa. Rudi ndani ya kibanja, chimba tena: mweusi, laini, mkono unazama mpaka kwenye kiwiko. Mungu aliumba rweya. Kibanja kimeumbwa na wanawake waliobeba nyasi kutoka rweya kichwani, mzigo baada ya mzigo, vizazi na vizazi, wakatandaza, wakachanganya na samadi, wakaacha vioze. Kokushubila alianza kubeba mzigo wake mdogo akiwa na miaka saba. Alipofika ishirini shingo yake ilikuwa imara kama mwimo wa mlango, na upande wa chini wa kibanja, uliokuwa na migomba ya kuhurumiwa, ulikuwa ukizaa mikungu inayoinamisha shina. Alijivunia vyote viwili, shingo na migomba, na hakuona sababu ya kuficha.

Bibi Dativa alipofariki alimwachia kibanja. Ukoo uliguna, maana kibanja ni cha wanaume. Wazee wakaja wakapita kwenye milamula ile bega mbele, mmoja baada ya mwingine, wakakaa, wakanywa, wakaangalia udongo, wakakubali. Philbert aliyemwoa alihamia kwake, na akataniwa na vijana wa Nshamba mpaka alipokufa kwamba ameolewa. Amezikwa humohumo kibanjani, upande wa mibuni, na hajalalamika.

Hivyo ndivyo alivyokuwa Kokushubila wakati mnyauko ulipoingia wilayani.

Kila mtu wa Kagera anaukumbuka ugonjwa ule. Jani la mgomba linageuka manjano na kulegea kana kwamba limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia ya kutu, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Dawa haipo. Kinachosaidia ni usafi tu: kila kisu kipitishwe motoni kabla ya kugusa shina jingine, na shina lililougua ling'olewe lote na kufukiwa, bila huruma. Kijiji kilichagua watu wa kupita nyumba kwa nyumba kuwaeleza wenzao. Kilimchagua Kokushubila kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, na kwa sababu kibanja chake kilikuwa kizima.

Nyumba iliyomshinda kidogo ilikuwa ya jirani yake, Mzee Rutashobya. Mashina arobaini yalikuwa yameugua kwake, na mojawapo lilisimama kichwani mwa kaburi la mama yake. Thelathini na tisa aliyang'oa. Mbele ya lile la arobaini aliketi chini.

"Hili haliguswi," alisema. "Chini yake kuna mama."

"Mama yako hayupo kwenye mgomba, Mzee. Ugonjwa ndio upo."

"Koku, wewe una moyo wa jembe."

"Ndiyo, waitu. Lete jembe."

Alilichimba mwenyewe, mzee akiwa amekaa palepale, na alipomaliza akamletea machipukizi safi kutoka kibanjani kwake, kumi na mawili, likiwamo moja la shina lake mwenyewe la kitovu, ambalo hakuwahi kumpa mtu. Rutashobya aliyapanda. Yalistawi. Lakini tangu siku hiyo hakuja kunywa kahawa kwa Kokushubila. Walisalimiana njiani kwa adabu zote, wakaulizana habari za watoto, na kila mtu akaenda kwake. Miaka ilipita hivyo.

Sasa niuseme muhoro, maana kisa kizima kimo humo.

Muhoro ni kile kisu kikubwa chenye ncha iliyopinda ambacho Wahaya hukatia mikungu. Kokushubila alikuwa na mihoro mitatu ya dukani, na yote ilikuwa myeusi kwa moto; aliibabua kabla ya kila shina kama alivyofundisha. Lakini ulikuwapo wa nne, wa Bibi Dativa, uliofuliwa na mhunzi wa zamani na kufungwa mpini wa mbuni. Huo haukukata chochote ila mikungu ya mashina ya vitovu, na mkungu wa kwanza wa kumpikia mzazi. Bibi alimkabidhi kwa agizo moja: chuma hiki kilishatoka motoni, kikirudi kinakufa. Na ni kweli kwamba chuma cha mhunzi kikipata moto ovyo hulegea makali. Kwa hiyo Kokushubila aliuosha kwa majivu na maji, akaupangusa kwa jani, akaufunga kwenye kitambaa. Katika miaka yote ya kupiga kelele kwenye vibanja vya watu, hakuwahi kuupitisha motoni. Hakudanganya mtu, hata wazo halikumjia. Kwake yeye kisu cha uzazi kilikuwa safi kwa kazi yake. Kingebebaje kifo?

Binti yake, Annastella, ameolewa Kitendaguro, Bukoba mjini, na Hafidhi, kijana mpole wa familia ya Kiislamu inayouza vitambaa. Mwaka juzi, mwezi wa pili, alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Siti. Kokushubila alikwenda na muhoro ndani ya kitambaa. Nyuma ya nyumba ya Annastella kuna migomba ishirini hivi. Akachagua mkungu ulionona, akaukata kwa muhoro wa bibi, akatamka maneno yanayotamkwa, wifi yake Annastella, Farida, akaumenya na kuupika. Kitovu cha Siti kilipodondoka, Kokushubila aliomba akizike Nshamba.

"Chukua tu, Mama," Hafidhi alisema. "Sisi tuna mtoto, wewe una udongo."

Aliporudi alikizika karibu na shina lake mwenyewe, kwenye kona. Jumamosi hiyo mkungu wa shina lake ulikuwa umekomaa, akaukata. Wiki iliyofuata mkwe wa Rutashobya, Gaudiosa, alijifungua mtoto wa kiume. Mzee mwenyewe hakuja, alimtuma mtu: je, mama wa milamula anaweza kuja kukata mkungu wa mzazi kwa muhoro wa marehemu Dativa? Kokushubila alikwenda akiwa na furaha ambayo hakuionyesha. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi kuingia kibanja kile. Akakata mkungu, Rutashobya akamshukuru kwa Kihaya cha heshima, na akamsindikiza mpaka mlangoni.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya Alhamisi, alikuwa akiteremka chemchemini na ndoo. Alipofika kwenye kona, mkono wake ukashika shina kama ulivyozoea kushika kwa miaka hamsini na kitu. Jani la chipukizi kubwa lilikuwa manjano na limelegea. Akasimama. Akajiambia ni jua. Akaenda kuchota maji, akarudi, na jani lilikuwa bado manjano. Simu yake ikalia mfukoni.

"Mama," Annastella alisema, "migomba yetu hapa nyuma ya nyumba imekauka, karibu yote. Bwana shamba amekuja, anasema mnyauko. Anasema ulikuwamo tangu zamani. Farida ndiyo sasa anakumbuka kwamba ule mkungu ulioukata ulikuwa na madoa ya kahawia ndani, akayaondoa tu kwa kisu. Hakujua."

"Mkungu nilioukata mimi."

"Ndiyo, Mama."

"Nimesikia," alisema Kokushubila, akakata simu.

Alichukua muhoro wa dukani, akaubabua, akakata shina lile kidogo tu. Usaha wa manjano ukatoka, mzito, bila haraka. Alikuwa ameuona kwenye vibanja zaidi ya mia, akiwaonyesha wenye navyo kwa kidole. Mkuki kwa nguruwe. Akakaa palepale kwenye kona, miguu mbele kama mtoto, na akalia kwa sauti, maana hapakuwa na mtu wa kumsikia ila Philbert.

Alipomaliza kulia akaanza kuhesabu hatua za kile kisu. Kitendaguro. Kisha hapa. Kisha kwa Rutashobya.

Hapo ndipo palipouma. Shina lake angeweza kuling'oa mwenyewe, akafukia, na akiulizwa angesema limezeeka. Nani angebisha? Watu wangempa pole. Lakini kwa Rutashobya ugonjwa ulikuwa bado haujajionyesha, au umejionyesha kwa jani moja ambalo mzee mwenye macho ya miaka sabini na tano asingeliona. Akiambiwa leo, atang'oa shina moja. Asipoambiwa, atasubiri kama Annastella, mpaka karibu yote. Na safari hii hakuna aliyebaki na nguvu ya kupanda mashina arobaini. Na kumwambia maana yake ni kusema: mimi niliyekung'olea mgomba wa mama yako, mimi niliyekuimbia moto, moto, moto, nimekuletea ugonjwa nyumbani kwa mkono wangu, siku ya mjukuu wako.

Sitasema kwamba hakusita. Alisita mpaka maharage yakaungua jikoni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na jirani kama Rutashobya. Mwishowe kilichomnyanyua ni aibu ya aina nyingine: alijiona akipita kwenye milamula ile kila siku ya maisha yake yaliyobaki, bega mbele, akijua. Njia iliyomfundisha kusimama asingeweza kuipita akiwa ameinama.

Akaufunga muhoro wa bibi kwenye kitambaa, akavuka mpaka.

Rutashobya alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye mkeka, Gaudiosa ameketi kibarazani akinyonyesha. Mzee alimwona akija haraka, mguu ukikokota, akaweka chini reki yake.

"Karibu, Ma Annastella. Kwema?"

"Si kwema, Mzee. Usinikaribishe kwanza." Akafungua kitambaa, akaweka muhoro juu ya mkeka, kando ya kahawa. "Huu ulikata mkungu wenye mnyauko Kitendaguro. Sikujua. Haujapita motoni tangu siku ulipofuliwa. Nikakata kwangu, nikaja kukata kwako. Kwangu shina limeshaugua, nimeona usaha leo. La kwako halijaonyesha bado, lakini limo. Ling'oe leo, mengine yatapona. Ni mimi niliyekuletea. Hakuna mwingine."

Rutashobya aliugeuza muhoro kwa kidole cha mguu. Mtoto alikohoa, akaendelea kunyonya.

"Wewe," alisema mzee. "Wewe uliyenichomea mpaka kisu cha kumenyea viazi."

"Mimi."

"Kwangu ulikagua hadi shoka."

"Nilikagua, waitu."

"Na huu ulikuwa kitandani kwako umefungwa kama mtoto mchanga!" Sauti ilikuwa imepanda, na Gaudiosa akasimama. "Ningekuwa mimi ningefanywaje? Ungeniita mbele ya kijiji!"

"Ningekuita," alisema Kokushubila. "Niite na wewe. Ila ling'oe kwanza."

Mzee akaingia ndani. Gaudiosa alimtazama Kokushubila, naye akatazama kahawa. Alijua anatakiwa kuondoka, na hakuondoka. Rutashobya akatoka na jembe mabegani.

"Shina gani lilianza?" aliuliza.

"Langu."

"Basi tunaanza kwako. Sitaki useme baadaye nilikuachia kazi ya kwangu ukachelewa ya kwako." Akapita mbele. Kwenye mlango wa milamula alisimama, akaupima kwa macho, maana alikuwa hajaingia humo miaka mingi na mwili ulikuwa umeongezeka. Kisha akatanguliza bega.

Walichimba wawili, mzee wa miaka sabini na tano na mwanamke wa sitini na ushei, mpaka jua likahamia upande wa machweo. Walipofika kwenye mizizi Kokushubila aliacha jembe.

"Hapa chini kuna kitovu changu," alisema.

"Hakuna," alisema Rutashobya. "Kilishakuwa udongo ukiwa bado unatambaa. Kitovu chako umekila kwenye ndizi miaka yote hii." Akafuta jasho. "Kuna mtu aliniambia maneno kama hayo, akaniacha nimekaa chini. Mimi angalau nakuambia huku nachimba."

Kokushubila akacheka, cheko la ghafla lililomshangaza mwenyewe, akashika tena jembe. Walifukia kila kitu, wakavuka kwenda kwa Rutashobya, wakang'oa na la kule. Kabla hawajaagana Kokushubila alikoka moto uani kwa mzee, mbele ya Gaudiosa na majirani waliokuwa wameshaanza kukusanyika, akauweka muhoro wa Bibi Dativa katikati ya makaa. Akaueleza umati kisa chote tangu Kitendaguro, bila kupunguza. Wapo waliocheka, na mmoja alicheka zaidi ya inavyostahili. Chuma kikawa chekundu, kikapoa. Akajaribu makali kwenye jani la mgomba, yakateleza mara ya kwanza, ya pili yakakata.

"Umelegea kidogo," alisema. "Nitaunoa."

Kwa mwaka mzima pale kwenye kona hapakupandwa mgomba. Alipanda maharage, akavuna, akatandaza nyasi za rweya, akasubiri. Kwa Rutashobya hakuna shina jingine lililougua. Kwa Kokushubila yaliugua mawili ya jirani na kona, akayang'oa siku hiyohiyo. Alianza tena kupita nyumba kwa nyumba, na sasa kila alipoingia alianza na habari ya muhoro wake, na watu waliokuwa wakificha visu vya babu zao wakavitoa. Mzee naye alianza kuja kunywa kahawa. Alikuwa akilalamika kwamba ni chungu, akimaliza anasogeza kikombe kiongezwe.

Ajabu ilikuwa kona yenyewe. Pale katikati hapakuwa na kitu ila nyasi zilizotandazwa, hata ndama angekatiza. Lakini kila aliyeshuka chemchemini alizunguka. Mzee Rutashobya alizunguka. Kokushubila mwenyewe alizunguka na mkono ukinyooka kushika shina lisilokuwapo, kisha akaurudisha kwenye khanga.

Mwezi wa nne mwaka jana Annastella alikuja na Siti, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, mtoto mnene asiyekuwa na haraka, ambaye huko Kitendaguro kwenye sakafu ya marumaru alikuwa akisimama, akiteleza, na kuketi kwa uamuzi. Siku hiyohiyo Rutashobya alikuja amebeba chipukizi mgongoni, limefungwa kwenye jani kavu. Alilitua kwenye kona, akavuta pumzi.

"Lile la kitovu chako ulilonipa mwaka ule," alisema. "Limezaa watoto wengi. Huyu ndiye mkubwa. Kisu nimekichoma, usiniulize."

Kokushubila hakuuliza. Alilishika lile chipukizi kwa mikono miwili na machozi yakamtoka waziwazi, na mzee akajifanya anatafuta pa kuchimba. Akachimba palepale katikati, shina la zamani lilipokuwa, shimo la kiasi.

Nyuma yao Siti alikuwa ameshika mlamula wa kwanza mlangoni. Akashika wa pili. Umbali ulikuwa wa mkono wa mtoto, kama ulivyopimwa zaidi ya nusu karne kabla yake, na miguu ya Siti haikuwa na tatizo lolote ila kukosa cha kushika. Akawa anakuja, wa tano, wa tisa, wa kumi na nne, Annastella akimfuata ameziba mdomo. Alipofika kwenye kona wote watatu wakageuza vichwa kuangalia atakavyozunguka.

Hakuzunguka. Aliachia mlamula wa mwisho kabla ya kona, akatazama shimo lenye udongo mweusi uliochimbuliwa, akapita ukingoni mwake moja kwa moja kuelekea chemchemini, hatua nne, tano, sita, bila kushika chochote, na nyayo zikajichora kwenye udongo laini.

"Mshike, ataharibu shimo!" alisema Rutashobya.

"Mwache," alisema Kokushubila.

"Nimelichimba sasa hivi, Koku! Mgomba nipande wapi, akipita hapa kila siku?"

Kokushubila alizitazama zile nyayo ndogo, zilizonyooka, mguu wa kushoto sawa na wa kulia. Kisha akaenda hatua mbili pembeni, nje ya mstari wa mtoto, akapiga udongo kwa kisigino.

"Chimba hapa," alisema.

Mzee alinung'unika kwa Kihaya mambo yasiyoandikika, akatema mate kwenye viganja, akaanza kuchimba shimo la pili. Kokushubila alifukia la kwanza kwa mguu wake wa ubavu, akalishindilia vizuri ili mtoto akirudi asijikwae.